Rangi Chini ya Batri

Tangu nirudi, kila siku ya Mungu kiisha misa munanishika mukono inje ya kanisa munaniuliza: Muzee Mumbere, safari ya Kirumba ilikuwa namna gani, na kwa nini mutu anakwenda mahali pa siku moja anatumia siku tatu? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nimeandika yote hapa. Musome, kiisha musiniulize tena.

Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa primere, lakini kalamu haiulizi mutu diplome. Nilianza na chukudu, ile baiskeli ya mbao, nikibeba magunia ya watu. Leo nauza misumari na mabati mu Birere, kwenye mulango wangu mwenyewe, na hakuna mutu chini ya jua atasema alinionyesha njia. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Mutaona ilinifikisha wapi.

KYESHERO

Munajua kwamba mudogo wangu Kambale alikuwa mekanisiye kule Kirumba, na munajua pia kwamba kwa miaka miwili hatukusemeshana. Wengi wenu mulikuwa pale siku tulioza binti yangu. Nilikuwa nimepakisha gari yangu rangi ya kijani, yote, mupaka ndani ya kapo, pale motere inakaa, maana mimi sifanyi kitu nusu. Kambale akasimama mbele ya wageni na chupa mukononi, akasema: "Yaya ameoa bibi muzee, akamupaka poda." Mulicheka mukapiga meza. Mimi ndiye yaya, mukubwa wake. Nilimusomesha ufundi kwa jasho la chukudu. Nikatoka bila kula nyama ya ndoa ya binti yangu.

Kiisha miaka miwili muke wake Kavira akanipigia telefone. Kambale ni mugonjwa, akasema, daktari amemurudisha nyumbani. "Anakuita, shemeji. Ana neno la kukuambia, na anasema si neno la telefone."

Watoto wangu waliniambia nipande bisi, kesho yake nitakuwa pale. Nilikataa. Nilitaka Kambale aione ile gari mbele ya mulango wake, asikie kwamba bibi muzee mwenye poda amepanda mulima wa Kabasha. Muandike hiyo kwanza, mbele ya mambo mengine yote: ningeweza kupanda bisi.

Sasa, gari yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Tangu miezi kazaa ilikuwa inachelewa kuwaka. Unazungusha funguo, taa za mbele ya usukani zinafifia kama zinasinzia, demarere, ile inayoamsha motere, inazunguka polepole, nyee, nyee, nyee, kama muzee anayepanda ngazi na gunia, kiisha siku ingine inashika, siku ingine inakataa. Kyeshero haikunisumbua sana, maana mbele ya nyumba yangu kuna mutelemuko na nilikuwa naiacha ishuke. Lakini kwa safari nilinunua batri mupya kabisa. Asubuhi niliifunga mwenyewe, nikazungusha. Ikawa afadhali kidogo. Afadhali, si muzuri. Mutu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilipiga ishara ya musalaba na kushuka.

KIBUMBA

Mahali pa kutoka muji nilimukuta mama mumoja amekaa juu ya mabalo mawili ya nguo za kuvaliwa, anatafuta gari ya Kanyabayonga. Jina lake Mama Furaha. Nilimupakia kwa sababu peke yako njia ni ndefu, na kwa sababu alionekana mwenye mabega ya kusukuma. Sikumuambia hiyo ya pili.

Aliijua sababu hiyo kwenye bariere ya kwanza. Musiniulize ilikuwa bariere ya nani, mwenye bunduki hana jina. Kijana akainua mukono, akasema: "Muzee, zima motere."

Nikamuomba aniache nikanyage mafuta kidogo kidogo tu, gari inasumbua kuwaka. Akasema kama inasumbua ni shauri la gari, ya kwake ni bariere. Nikazima. Wakafungua mabalo ya Mama Furaha, wakatazama mashati moja moja kama wako sokoni, mumoja akajipima koti. Kiisha wakasema twende.

Nyee. Nyee. Kimya.

Tulisukuma. Mama Furaha, mimi nikiwa usukani, na wanaume wawili waliokuwa wanapakia shu, ndiyo kabichi, pale barabarani. Ilishika mbali sana, wao wakiwa wamefunikwa na vumbi nyeusi ya volkano mupaka kwenye meno. Mama Furaha akapanda, akajipangusa na kitenge.

"Papa," akasema, "gari yako inanikumbusha bwana yangu. Kumuamsha tu ni kuita jamaa yote."

Sikucheka. Alicheka yeye mwenyewe, akatoa ndizi za kuchoma, akanipa moja.

Kibumba bariere ingine, zima, sukuma. Pale mumoja wa wasukumaji alifungua kapo kabla ya kusukuma, akagusa hapa na pale, kiisha akavuta mukono haraka na kupuliza vidole. Akasema ule waya mweusi wa batri unachoma, pale umefungwa na nati kwenye ubavu wa gari. Nilimuambia kila kitu cha motere kinachoma, kama anataka baridi aende akatafute maziwa. Wenzake wakamuzomea, akafunga kapo.

Nilikuwa na jibu kwa kila mutu.

KIWANJA

Tulifika Kiwanja jua likiwa limelala, bariere nne, kusukumwa mara tatu. Tukalala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko. Wali mugumu, maharagi muzuri. Asubuhi gari ikakataa kabisa, na pale ni tambarare, na wasukumaji wa Kiwanja wanataka kwanza pesa ya sukari kabla ya kugusa gari. Nikaitisha mekanisiye. Akaja mumoja mwenye miwani ya kioo kimoja. Akazungusha funguo mara mbili, akainamisha kichwa kama padri kwenye kitubio, akasema: "Demarere imekufa ndani."

Pale pale telefone ikalia. Alikuwa Kambale.

Nyinyi munajua sikio langu la kushoto halisikii, kwa hiyo naweka telefone kwa sauti ya inje, na kila mutu aliye karibu anasikia mambo yangu. Miaka miwili sikusikia ile sauti. Ilikuwa imebaki nusu.

"Yaya, umefika wapi?"

Nikamuambia Kiwanja, gari imekataa kidogo, ni demarere, mekanisiye yuko anaanza kuifungua. Nikasikia anavuta pumzi. Kiisha akasema asifungue kwanza. "Nisikilizishe. Weka telefone karibu na motere, zungusha."

Nikamupa Mama Furaha telefone, akaishika juu ya motere, nikazungusha. Nyee. Nyee. Akasema tena. Nikazungusha tena. Akauliza taa zinafanya nini. Zinafifia, nikasema. Akauliza batri ni ya lini. Ni ya juzi, nikasema. Kiisha akauliza neno hili, naliandika kama alivyolisema:

"Yaya, siku ile walipopaka rangi, walipaka na chini ya batri?"

Mukumbuke nilikuwa nimesimama kati ya soko la Kiwanja. Mekanisiye ananitazama na jicho moja, wauza mukaa wananitazama. Na mudogo wangu, kiisha miaka miwili, neno lake la kwanza la maana ni ile rangi. Damu ilipanda.

"Hata mu kitanda cha kufa," nikasema, "bado unanichekelea."

Nikakata.

Mama Furaha alikuwa bado ameinua mukono wake pale telefone ilikuwa. Akasema polepole: "Papa, yule hakucheka. Yule aliuliza."

Nikamuambia anyamaze, mambo ya jamaa yangu si mabalo yake ya nguo. Ilipolia tena sikuichukua. Ililia mara mbili. Mara ya tatu nikaizima kabisa, nikaiweka mufukoni.

Mekanisiye akatoa demarere. Alitumia siku muzima. Akaifungua juu ya gunia, akapiga brosi shaba zake, akatia mafuta, akaenda kula, akarudi, akatafuta musumari mudogo uliopotea kwenye majani, akaupata. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbao nikimusimamia, maana fundi asiposimamiwa anaiba. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo na mawese, chumvi mingi. Mama Furaha hakunisemesha. Angeweza kupata gari ingine na kuniacha pale, mabisi yalipita mbele yetu, nilihesabu matatu. Nilipomuuliza kwa nini hapandi, akasema ameisha kusukuma gari hii sana, anataka kuona mwisho wake.

Jioni demarere ikarudi mahali pake, ikazunguka, motere ikashika. Nilimupigia mekanisiye mukono begani. Nikasema kwa sauti, ili soko lisikie: mwaona, si mambo ya rangi.

RWINDI

Siku ya tatu tulitoka mapema. Iliwaka kwa shida, nikasema ni baridi ya asubuhi.

Mule ndani ya pori ya Rwindi, njia ni murefu na tambarare, majani pande zote, nyani wamekaa barabarani kama watoza kodi. Kule katikati kuna bariere. Zima motere. Nikazima. Walitazama mabalo. Twendeni.

Kimya. Hata nyee moja. Tak, basi.

Pale hakuna wasukumaji. Askari hawasukumi. Mama Furaha akasukuma peke yake mbele ya nyani, nikashuka nikasukuma naye, gari ikasogea kama nyumba inavyosogea. Nikakaa chini kwenye jiwe. Nikawasha telefone, hakuna rezo. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliogopa, na si kwa sababu ya nyani. Nilifikiri juu ya ile nusu ya sauti.

Ikaja kamiyo ya samaki kutoka Vitshumbi. Shofere, mwanaume munene mwenye kofia ya sufu, alisimama kwa sababu Mama Furaha alikaa katikati ya njia na kukataa kutoka. Akatoa kamba zake mbili za umeme. Nyekundu akaitia kwenye batri yangu. Nyeusi hakuitia kwenye batri, aliiuma kwenye chuma cha motere yenyewe. Akaniambia nizungushe.

Ndugu zangu, iliwaka kabla sijamaliza kuzungusha. Vrap. Haijawaka hivyo tangu siku nilipoinunua.

Nikamutukana muuza batri wa Birere, yeye na batri zake zote, nikasema ameniuzia maji na plastiki. Shofere akaniuliza batri ni ya lini, nikamuambia. Akakuna kichwa chini ya kofia. "Basi si batri, muzee," akasema. Hakujua zaidi, au hakutaka kubishana na kichwa changu. Akatupa samaki wawili wa chumvi, akaenda.

Kabasha niliipanda bila kuzima. Wale munaojua ule mulima munajua: kona juu ya kona, pori lote linabaki chini kama mukeka, na motere inalia kama mama wa kuzaa. Gari ilipanda. Ile siku yote nilikuwa nimeingojea, nipande Kabasha na bibi muzee, na nilipofika juu sikuwa na furaha hata ya kujaza kijiko.

Kanyabayonga Mama Furaha akashusha mabalo yake. Sikuzima. Akasimama kwenye dirisha, akasema: "Papa, ukifika, usianze na gari. Anza na ye." Nilimuambia ndiyo. Ni mutu pekee wa safari ile niliyemuambia ndiyo.

KIRUMBA

Niliona kutoka mbali. Viti inje. Wanaume wamekaa na makoti, moto wa kuni kati ya kiwanja, garaji ya Kambale imefungwa na munyororo. Mutu hafungi garaji saa nane ya muchana.

Nilisimamisha gari mbele ya kiwanja na sikuzima motere. Mukono ulikataa. Nilikuwa nimeshika usukani nikisema mu roho: nikiizima haitawaka tena. Wanaume wakanitazama. Mumoja wao, jamaa wa upande wa Kavira, akaja kwenye dirisha, akasema bila ukali: "Muzee, zima motere. Hapa kuna kilio."

Nikazima. Hakukuwa tena na haraka.

Kambale alikufa asubuhi ile, jogoo akiwa amewika mara mbili. Mimi nilikuwa naiwasha gari Kiwanja, nikisema ni baridi. Siku moja. Ile siku nilikaa kwenye kiti cha mbao nikimulinda fundi asiibe, ndiyo siku mudogo wangu alikaa anatazama mulango.

Nilimuzika. Mukubwa wa jamaa ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na niliutupa. Watu walisema muzee amefika kwa wakati. Nilifika kwa kuzika. Sikuitwa kwa kuzika.

KLE YA KUMI

Siku ya tatu kiisha mazishi, watu wakiwa wanaanza kurudi kwao, niliaga. Nikatafuta vijana wa kunisukuma. Kavira akatoka ndani ya nyumba na kitambaa chake cha kilio kichwani. Mama mumoja wa jamaa akamuambia mujane hatoki hivyo, arudi akae. Akajibu kwamba neno la marehemu halirudishwi, na hii ni kazi aliyoachiwa.

Akafungua garaji. Akarudi na kle ya kumi, ile ya kufungulia nati, na kipande cha brosi ya chuma. Ameishi na mekanisiye miaka makumi tatu, hakuuliza mutu namna ya kufungua kapo. Kiwanja kizima kikasimama kutazama.

Akainama kwenye ule waya mweusi, ule uliomuchoma kijana wa Kibumba. Unatoka kwenye batri na kufungwa na nati kwenye ubavu wa gari, wao wanauita masi. Akafungua nati. Akainua kichwa cha waya, akaniita nikaribie.

Chini yake kulikuwa rangi. Kijani, nzito, ya kung'aa, ile rangi yangu. Walitoa nati, wakapaka, wakafunga tena juu yake. Niliwaambia wasiache hata pahali moja. Umeme ulikuwa unapita kwenye ncha ya nati tu, na kutu ilipoingia, hata pale ukawa haupiti vizuri. Kamba ya shofere wa Rwindi iliipita ile rangi kwa pembeni.

Alikwangua mupaka chuma kikawa cheupe. Alikwangua muda murefu kuliko ilivyohitajika. Kiisha akafunga, akakaza, akasema: "Zungusha."

Iliwaka kama pale Rwindi.

Nikashuka. Nikamuambia nilifikiri ananicheka.

"Alicheka?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Alipiga tena mara tatu. Kiisha alinifundisha mimi, na vidole, juu ya shuka. Nati iko hapa, masi iko hapa. Alisema yaya hatasikiliza, yaya ataona."

Nikamuuliza basi lile neno, lile ambalo si la telefone, lilikuwa nini.

Akapangusa mikono na brosi kwenye kitenge chake. "Nilimuuliza hata mimi, shemeji. Akasema ni la yaya, atamuambia mwenyewe akifika."

Akarudi ndani, akakaa mahali pa wajane.

KYESHERO TENA

Kurudi nilitumia siku moja. Bariere zote, zima motere, nikazima, nikawasha. Rwindi yule askari akanitambua, akasema: "Muzee, umeuza ile ingine, umenunua mupya?" Nikazungusha, ikawaka, nikaenda.

Rangi bado ni muzuri. Watu wanaisifu.

Na munaoishi karibu nami munauliza kwa nini asubuhi nakaa ndani ya gari mbele ya nyumba, nawasha, nazima, nawasha tena, bila kwenda mahali. Muke wangu anasema nitamaliza mafuta. Sasa mumejua. Nainamisha sikio langu zima karibu na usukani, kama Kambale alivyosikiliza kwa telefone, na kuzungusha.

Inawaka kila mara.